Winga wa Belvedere Aliyengoja Mpira

Jumamosi ya tarehe 22 Januari 1955, Ayalandi ilicheza na Ufaransa katika uwanja wa Lansdowne Road, Dublin, ikafungwa 5-3. Mechi yenyewe haikuwa na mengi ya kusimulia. Lakini kati ya waliovaa jezi ya kijani kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwamo kijana wa miaka 18, mrefu wa kimo, mwenye nywele nyekundu, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa bado kwenye madawati ya sekondari. Jina lake Anthony O'Reilly. Watu wa raga walimwita Tony.

Miezi sita na nusu baadaye kijana huyo alikuwa Johannesburg, akicheza mbele ya watazamaji wapatao 95,000, umati mkubwa kuliko wowote uliowahi kukusanyika kwa ajili ya mechi ya raga ya kimataifa hadi siku hiyo. Kufikia umri wa miaka 23 alikuwa ameweka rekodi mbili katika timu ya British Lions, na zote mbili zilikuwa bado zimesimama alipofariki dunia Mei 2024. Huko kwao, hata hivyo, hesabu ilikuwa nyingine. Akiwa na Lions alicheza mechi kumi za testi, yaani mechi dhidi ya timu za taifa, akafunga trai sita. Akiwa na Ayalandi alicheza mechi 29, na trai zake hazikuzidi tano. Miguu ilikuwa ileile na kasi ileile. Tofauti ilitoka kwa waliokuwa na kazi ya kumfikishia mpira.

Alizaliwa Dublin tarehe 7 Mei 1936 na kukulia Griffith Avenue, barabara pana yenye miti upande wa kaskazini wa mji. Baba yake, John O'Reilly, alikuwa mtumishi wa serikali katika idara ya forodha, na baadaye alipanda cheo hadi akaiongoza. Tony alikuwa mtoto pekee nyumbani, akipendwa na kutunzwa, lakini nyumba ile ilikuwa na siri. Alipokuwa na miaka 15, padre mmoja wa shule alimweleza jambo ambalo wazazi hawakuwahi kulitamka mbele yake: baba yake alikuwa na mke mwingine wa ndoa, na watoto wanne. Katiba ya Ayalandi ya 1937 ilikuwa imepiga marufuku talaka, hivyo ndoa ile ya kwanza haikuweza kuvunjwa, na wazazi wa Tony waliishi pamoja bila cheti. Kwa miaka mingi hakulizungumza hilo hadharani.

Shule yake ilikuwa Belvedere, katika mtaa wa Great Denmark Street, katikati ya Dublin. Ni shule ya mapadre Wajesuiti, na mwandishi James Joyce alisoma hapo mwishoni mwa karne ya 19. Tony alicheza karibu kila kitu: soka, tenisi, kriketi. Raga ndiyo iliyomchukua, na hapo alikuwa na bahati ya mwalimu. Aliyewafundisha vijana wa Belvedere ni Karl Mullen, daktari aliyekuwa nahodha wa Ayalandi mwaka 1948, timu ilipozifunga Ufaransa, England, Uskoti na Welisi katika msimu mmoja. Miaka miwili baadaye Mullen huyohuyo aliwaongoza Lions kwenda Nyuzilandi na Australia. Kijana wa sekondari alikuwa akielekezwa na mtu aliyeifahamu njia yote hadi mwisho wake. Mwaka 1954 Belvedere walifika fainali ya kombe la shule za Leinster. Walishindwa, lakini kila aliyekuwapo uwanjani alimwona senta yule mwenye nywele nyekundu, mkubwa kuliko wenzake na bado mwepesi kuliko wao.

Inafaa kueleza raga ilikuwa mchezo wa nani Ayalandi wakati huo, maana haikuwa ya kila mtu. Mjini Dublin ulikuwa mchezo wa shule za kulipia ada, na waliozimaliza waliendelea nao wakiwa madaktari, mawakili na watu wa benki. Sehemu kubwa ya nchi ilicheza soka la Kigaeli na hurling, na chama kinachosimamia michezo hiyo, GAA, kiliwakataza wanachama wake kucheza au hata kutazama raga, soka, kriketi na hoki, kwa hoja kwamba hiyo ni michezo ya Waingereza. Katazo hilo liliondolewa mwaka 1971. Wakati huohuo, raga ilikuwa na jambo ambalo siasa ilishindwa kulipata. Kisiwa kiligawanywa mwanzoni mwa miaka ya 1920, kaskazini kukabaki chini ya Uingereza, lakini timu ya raga haikugawanywa. Mkatoliki wa Dublin na Mprotestanti wa Belfast waliendelea kuvaa jezi moja na kusukuma skramu moja.

O'Reilly alijiunga na klabu ya Old Belvedere, ya waliosoma shule yake, huku akisoma sheria katika University College Dublin, UCD. Hakuna aliyelipwa kwa kucheza. Raga ilikuwa ya ridhaa tupu, na mchezaji aliyepokea hata pauni moja ya ujira angefukuzwa. Wateuzi wa timu ya taifa walimwita baada ya miezi michache tu ya raga ya watu wazima. Alikuta timu iliyochoka. Msimu ule Ayalandi ilifungwa na Ufaransa, ikatoka sare ya 6-6 na England, ikapigwa 12-3 na Uskoti mjini Edinburgh, kisha 21-3 na Welisi mjini Cardiff. Sare moja, vipigo vitatu.

Tatizo halikuwa ushujaa. Mafowadi wa Ayalandi walisifika kwa jazba: walipenda kuusukuma mpira kwa miguu na kuufuata kwa kishindo, na mabeki wao mara nyingi waliupiga mbali badala ya kupasiana. Kwa winga, huo ni msimu wa njaa. Winga husimama pembeni kabisa, mwisho wa mstari, kama mgeni aliyeketi ukingoni mwa mkeka: sahani humfikia ikiwa waliotangulia wameipitisha. Wasipoipitisha, hata awe na kasi ya swala, ataishia kukimbia bila mpira na kurudi chumbani na jezi safi.

Lakini kuna watu waliokuwa wameona vya kutosha. Mwaka huo Lions walikuwa wanajiandaa kwenda Afrika Kusini. Timu hiyo hukusanya wachezaji bora wa England, Uskoti, Welisi na Ayalandi kila baada ya miaka kadhaa na kuwapeleka kusini mwa dunia. Meneja wa safari ya 1955 alikuwa Jack Siggins wa Belfast, ambaye alitaka kikosi cha vijana watakaostahimili ardhi ngumu na mechi nyingi. Nahodha alikuwa Robin Thompson, naye wa Belfast. Waayalandi wengine walikuwa Cecil Pedlow, Robin Roe, Tom Reid na mwanafunzi wa sheria aliyetimiza miaka 19 wiki chache tu kabla ya kuondoka.

Hiyo ilikuwa safari ya kwanza ya Lions kwa ndege. Waliowatangulia walikuwa wakisafiri wiki kadhaa baharini. Kikosi cha 1955 kilipaa mwezi Juni, kikasimama hapa na pale kujaza mafuta, na kutua Johannesburg. Cliff Morgan, Mwelisi mfupi aliyecheza nafasi ya flai-hafu, alijipa kazi ya kuongoza kwaya, na wachezaji waliposhuka waliwaimbia wenyeji wao “Sarie Marais”, wimbo wa Makaburu, kwa lugha ya Kiafrikana. Magazeti ya huko yaliwapenda siku hiyohiyo.

Nchi waliyoshukia haikuwa ya kuimba kwa kila mtu. Chama cha National kilikuwa madarakani tangu 1948, na sheria za ubaguzi zilikuwa zinazidi kukazwa. Februari mwaka huohuo serikali ilianza kuwahamisha kwa nguvu Waafrika wa Sophiatown, Johannesburg. Lions walicheza mechi yao ya kwanza Potchefstroom tarehe 22 Juni, wakafungwa 9-6. Siku tatu baadaye, katika uwanja wa Kliptown nje kidogo ya Johannesburg, maelfu ya watu walikutana, na kesho yake wakaupitisha Mkataba wa Uhuru, uliotamka kwamba Afrika Kusini ni mali ya wote wanaoishi ndani yake. Timu ya taifa, Springboks, ilikuwa ya weupe watupu. Viwanjani watazamaji Waafrika na machotara walitengewa sehemu yao, na wengi wao waliwashangilia wageni. Katika miaka ile kumshangilia anayecheza na Springboks kulikuwa njia mojawapo ya kusema lisiloruhusiwa kusemwa.

O'Reilly alianza dhidi ya timu ya vyuo vikuu vya kaskazini. Lions walishinda 32-6 naye akafunga trai mbili. Dhidi ya North Eastern Districts alifunga tatu katika ushindi wa 34-6. Wenyeji walianza kuuliza ni nani huyu. Jibu lilikuwa kwenye safu nzima. Dickie Jeeps, aliyetoa mpira kwenye skramu, hakuwa amewahi kuichezea England hata mara moja, lakini pasi yake ilikuwa ndefu na ya haraka. Ilimfikia Morgan, ambaye kwa hatua mbili za kwanza aliweza kumwacha mlinzi akiwa bado anageuza mwili. Kutoka kwa Morgan mpira ulikwenda kwa masenta wa England, Jeff Butterfield na Phil Davies. Davies alikuwa na kifua cha kupasua ukuta. Butterfield, mwalimu wa mazoezi ya viungo ambaye pia aliwaongoza wenzake mazoezini, alijua kuuzuia mpira sekunde moja ya ziada ili mlinzi amfuate yeye, kisha kuutoa. Baada yake ilibaki nafasi wazi, na katika nafasi hiyo O'Reilly alikuwa tayari ameshachanganya mwendo. Kwa mara ya kwanza tangu atoke shule, mpira ulikuwa unamfikia.

Testi ya kwanza ilichezwa tarehe 6 Agosti 1955, uwanja wa Ellis Park, Johannesburg, mji ulio juu zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, ambako mgeni huishiwa pumzi mapema. Msomaji wa leo akumbuke kwamba wakati huo trai ilikuwa na pointi 3, mkwaju wa nyongeza baada ya trai pointi 2, na penalti pointi 3. Akumbuke pia kwamba hapakuwa na wachezaji wa akiba. Aliyeumia alitoka, na waliobaki wakaendelea hivyohivyo.

Pedlow na Butterfield waliwafungia Lions kipindi cha kwanza, lakini Springboks walikwenda mapumzikoni wakiongoza 11-8. Mwanzoni mwa kipindi cha pili fowadi Reg Higgins aliumia vibaya mguu akabebwa nje. Lions wakabaki 14, katika hewa nyepesi, nyuma kwa pointi tatu. Hapo ndipo yalipotokea yale yanayosimuliwa mpaka leo. Kwenye skramu Jeeps alimpa Morgan mpira. Basie van Wyk, fowadi mzoefu aliyepewa kazi ya kumzima Mwelisi huyo, alimjia. Morgan akampita kwa nje, akainamisha kichwa na kukimbia hadi mstarini. Punde Jim Greenwood wa Uskoti akafunga. Kisha O'Reilly. Angus Cameron alipiga mikwaju yote mitatu ya nyongeza ikapita. Kwa muda mfupi tu watu 14 walikuwa wamefunga pointi 15, na ubao ulisoma 23-11.

Springboks hawakuvunjika. Walianza kuwabana wageni waliokuwa wamechoka, wakafunga trai moja, wakaongeza ya pili. Katika dakika za mwisho winga Theuns Briers akafunga ya nne kwa timu yake, matokeo yakawa 23-22. Mkwaju wa nyongeza ungewapa wenyeji ushindi wa 24-23. Aliyepaswa kuupiga ni Jack van der Schyff, ambaye siku hiyo alikuwa ameshafunga pointi kumi kwa mguu wake. Mpira ukapita kando ya mlingoti. Picha iliyopigwa wakati huo ni mojawapo ya picha maarufu za raga: van der Schyff, mabega chini, kichwa kimeinama, na mpira ukienda ulikotaka. Hakuichezea tena Springboks. O'Reilly, ambaye hakuwahi kupungukiwa na maneno, alisimulia kwenye karamu nyingi kwamba wakati kiki ile inapigwa yeye alikuwa kwenye mawasiliano ya moja kwa moja na Vatikani.

Mfululizo ule ulikuwa wa testi nne. Wiki mbili baadaye, Newlands, Cape Town, Springboks walilipiza kwa 25-9, na Tom van Vollenhoven akafunga trai tatu. Pretoria, tarehe 3 Septemba, Morgan alikuwa nahodha kwa kuwa Thompson alikuwa ameumia. Lions waliucheza mchezo wa kubana, wakashinda 9-6. Testi ya mwisho, Port Elizabeth, tarehe 24 Septemba, wenyeji walishinda 22-8, na moja ya trai mbili za Lions ilikuwa ya O'Reilly. Mfululizo ukaisha 2-2. Tangu 1896 hakuna kikosi cha Lions kilichokuwa kimetoka Afrika Kusini bila kushindwa mfululizo. O'Reilly alikuwa amecheza mechi 15, testi zote nne zikiwamo, na kufunga trai 16, nyingi kuliko mwenzake yeyote.

Kabla ya kufika kwao, Lions walipita Nairobi. Tarehe 28 Septemba, siku nne baada ya Port Elizabeth, walicheza na timu ya Afrika Mashariki na kuifunga 39-12. Kenya ilikuwa katika mwaka wa tatu wa hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, kambi za vizuizi zimejaa watu walioshukiwa kuwa Mau Mau, na raga ilikuwa mchezo wa walowezi na maofisa wa kikoloni. Wakenya Waafrika waliokuja kuifanya raga kuwa yao miaka mingi baadaye hawakuwa na nafasi kwenye uwanja ule. Ila mechi ile imo katika kumbukumbu za safari, ya mwisho kati ya 25, na kwa hiyo sehemu yetu ya dunia ilikiona kikosi kile kikiwa katika kilele cha umaarufu wake.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kijana wa miaka 19 aliyerudi Dublin akiwa na jina kubwa namna ile alikuwa na kila sababu ya kuharibikiwa. Hakuharibikiwa. Alirudi kwenye vitabu vyake vya sheria, akafuzu uwakili mwaka 1958. Kilichomrudia ni njaa ya mpira. Ayalandi bado ilikuwa na Jack Kyle, flai-hafu mwenye akili adimu, ambaye baadaye alikuja kuwa daktari wa upasuaji Chingola, Zambia, kwa zaidi ya miaka 30. Lakini hata Kyle hakuweza kuugeuza peke yake mtindo wa timu nzima, na alistaafu 1958. Misimu ilipita winga akiwa pembeni, akikaba zaidi ya kushambulia. Wakosoaji walianza kunong'ona kwamba ya 1955 yalikuwa bahati ya ujana.

Jibu alilitoa mwaka 1959, Lions walipokwenda Australia na Nyuzilandi chini ya Mwayalandi mwingine, Ronnie Dawson. O'Reilly alikuwa na miaka 23. Upande mmoja yeye, upande mwingine Peter Jackson wa England, na kati yao mabeki waliotaka kupasiana. Alicheza testi zote sita. Alifunga katika testi zote mbili za Australia. Katika testi ya kwanza ya Nyuzilandi, Dunedin, tarehe 18 Julai, Lions walifunga trai nne, moja ikiwa yake, wenyeji hawakufunga hata moja, na bado Lions walipoteza 18-17 kwa sababu Don Clarke alipiga penalti sita zikaingia zote. Lions walipoteza pia testi mbili zilizofuata. Tarehe 19 Septemba, Eden Park, Auckland, walishinda ya nne kwa 9-6, O'Reilly akiwa mmoja wa wafungaji watatu. Alimaliza safari na trai 22, kati yake 17 zikiwa za Nyuzilandi peke yake. Ukijumlisha na 16 za Afrika Kusini unapata 38, sita kati yake za testi. Hizo ndizo rekodi mbili.

Baada ya hapo kazi ilianza kumvuta. Mwaka 1962, akiwa na miaka 26, alikuwa mkuu wa Bord Bainne, bodi ya kuuza maziwa ya Ayalandi nje, na mwaka huohuo siagi ya Kerrygold ikaingia sokoni. Baadaye alikwenda kampuni ya vyakula ya Heinz, akawa tajiri mwenye magazeti hadi Afrika Kusini, na mwishoni mwa maisha akatangazwa mufilisi, mwaka 2015. Hayo yana historia yake. Raga ilimwita mara moja tu zaidi: Februari 1970, akiwa na miaka 33, Ayalandi ilimwita ghafla kucheza na England uwanja wa Twickenham baada ya winga mwingine kuumia. Inasimuliwa kwamba alifika mazoezini kwa gari la kifahari lenye dereva. Ayalandi ilifungwa 9-3, na mpira, kama kawaida, haukumfikia sana.

Wapo waliomhukumu kwa hesabu ya jezi ya kijani na kusema alikuwa mchezaji wa safari za nje. Ni hukumu ya kumsomea winga peke yake. Trai zile sita za testi zilianzia kwa mafowadi waliogombea mpira, kisha kwa watu kama Jeeps, Morgan na Butterfield, na kila mmoja wao angeweza kuupiga mbali badala ya kuutoa. Vipaji vya aina ya O'Reilly havikuwa vingi Ayalandi ya miaka ya 1950. Ilikipata kimoja kikiwa na miaka 18, ikakivalisha jezi mara 29, na mara nyingi ikakiacha pembeni kikingoja.